Presha ya macho: je, kuna upasuaji mdogo?

SWALI: Daktari, hujambo? Nauza mawese Ujiji. Nina presha ya macho, natumia matone ya timololi, ila tone nusu linaishia shavuni. Mwanangu anasema kuna upasuaji wa tundu dogo. Nitaona tena pembeni?
Mama wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Shikamoo mama. Uoni uliokwisha kupotea haurudi, atakayekuahidi hivyo mkimbie. Tunachofanya ni kulinda uliobaki.

Mwanao hajakosea. Kuna kijibomba cha titani, urefu kama milimita 1, kinachopachikwa pale maji ya jicho yanapopitia kutoka. Marekani walikiidhinisha 2012, kiwekwe wakati wa kutoa mtoto wa jicho. Lakini hushusha presha kiasi tu. Ugonjwa ukishakomaa, mimi naamini zaidi upasuaji wa zamani wa kufungua njia ya maji chini ya kope la juu.

Kabla ya kisu, ulizia tiba ya mwanga wa leza. Utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa 2021 uliiona ikifanya vizuri kuliko timololi.

Matone usiache. Vuta kope la chini, dondosha moja, fumba, bonyeza kona ya jicho karibu na pua dakika mbili. Una pumu? Mwambie daktari wako mapema, timololi hubana kifua.