Usimsukume mtoto! Unayeanza kufundisha kubiringika Jumatatu soma hapa kwanza

Mkuu simama hapo hapo. Nimesoma swali lako mara mbili na mwili umenisisimka. Umesema una watoto 40 wa miaka 7 na 8, mikeka minne, Jumatatu unaanza kubiringika mbele, Jumatano kubiringika nyuma, utawapanga mistari minne kila mtoto anakuja anabiringika anarudi mwisho wa mstari, na "atakayekwama nitamsukuma kidogo miguu apite". Halafu ukauliza wavae nini, maksi utoeje, na kama video inatosha kuwaonyesha. Mimi naanza na hapo pa kumsukuma maana hapo ndipo niliponasa mimi, na ukiniona nimeandika kwa hasira hasira ujue sio wewe.

Usimsukume. Hata kidogo. Hata kwa kidole.

Mwaka wangu wa pili kufundisha michezo nilitoka kwenye semina ya siku moja. Mwezeshaji akatuambia mwili wa mtoto ni mpira, hauvunjiki, mtoto akiogopa wewe mpe msukumo tu akishapita mara ya kwanza woga wote unaisha. Nikaandika kwenye daftari na mstari nikapigia chini. Hakuleta hata mtoto mmoja wa kutuonyesha, alitubiringisha sisi watu wazima mara moja moja kwenye godoro nene, tukapewa vyeti tukaondoka. Yule bwana sijui kama alishawahi kupiga goti pembeni ya mtoto hata siku moja, ila alituongelea kwa uhakika utadhani yeye ndo aliyeumba shingo.

Wiki iliyofuata nikapanga mistari, kama unavyotaka kupanga wewe. Kulikuwa na mtoto mmoja wa miaka 7, mwembamba, mpole, alikuwa ameshapisha wenzake mara tatu ili zamu isimfikie. Ikamfikia. Akachuchumaa, akaweka viganja, halafu akaweka utosi kabisa juu ya mkeka kama anataka kusimama kwa kichwa, akaganda. Magoti yanatetemeka, viwiko vimefunguka nje kama mbawa, kidevu kiko juu. Yote hayo niliyaona, leo ukiniamsha usiku nakuchorea, ila siku ile sikujua maana yake. Wenzake wanapiga makofi "pita! pita!" na mimi nikamshika mapaja nikamsukuma.

Kiuno kilipita, kichwa hakikupita. Uzito wote ukaja juu ya utosi, shingo ikajikunja upande, akaangukia bega. Hakulia. Alikaa kimya ameshika sikio la kushoto, kichwa kimelalia upande ule ule na hakirudi. Na hapo nikafanya kosa la pili ambalo lingeweza kuwa kubwa kuliko la kwanza, nilimnyanyua kwa makwapa nikamkalisha pembeni nikamwambia pumzika kidogo, nikaita anayefuata. Nikaita anayefuata jamani! Mtoto aliyeumia shingo humgusi, unamwambia asijitikise, unamshikilia kichwa kilivyo, na unatuma mtu akaite msaada. Hilo pia semina haikusema.

Hospitali walikuta pingili za shingo (vile vifupa vya uti) ziko nzima, misuli na kano ndo zilikuwa zimevutika, akavalishwa kola wiki 3. Mama yake alikuja shuleni, hakupiga kelele, aliniuliza tu, "Mwalimu, mwanangu alianguka au alisukumwa?" Nikamjibu alisukumwa, na mimi ndo nilimsukuma. Yule mtoto alipona, anacheza mpira, anakimbia, lakini mwaka ule wote nikitoa mikeka stoo anapeleka mkono shingoni bila hata mwenyewe kujua.

Sasa sikiliza kwa nini. Mtoto anazaliwa kichwa chake kikiwa kama robo ya urefu wake wote, mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane, na hawa wa miaka 7 wako katikati hapo, kichwa bado kizito na mikono bado myembamba. Chini ya kichwa hicho kuna pingili 7 za shingo. Kwenye kubiringika mbele kunakofanywa sawasawa mikono ndo inabeba mwili, kidevu kimebanwa kifuani, kisogo kinapita karibu sana na mkeka au kinaugusa tu, kinachotua ni mabega ya nyuma halafu mgongo unajiviringa kama gurudumu. Utosi hauhusiki kabisa. Kwa hiyo mtoto akikwama amekwama kwa sababu mikono haijabeba au kidevu hakijaingia, na anakuonyesha kwa mwili wake kwamba njia haipo, halafu wewe unakuja unaongeza uzito hapo hapo pasipo na njia. Woga wake ulikuwa unasema kweli, mimi ndo sikuuelewa.

Kanuni yangu ni moja na nimeishika tangu siku hiyo. Habiringiki mtoto mpaka abembee mara 10 na kitambaa hakijadondoka.

Kitambaa cha kawaida tu, au soksi iliyokunjwa. Unakibana kati ya kidevu na kifua. Mtoto anakaa kwenye mkeka, anakumbatia magoti, mgongo duara, anabembea nyuma mpaka mabega yaguse, anarudi mbele mpaka nyayo ziguse. Kitambaa kikidondoka maana yake kidevu kilifunguka, anaanza kuhesabu upya. Wanapenda balaa, wanashindana, na wewe bila hata kupaza sauti unawaona wale ambao shingo bado haijakubali. Kuna wanaomaliza 10 dakika ya kwanza na kuna niliowahi kukaa nao masomo manne. Walimu wenzangu waliniita mwalimu wa kitambaa, nikawaambia niiteni tu, kitambaa bado hakijampeleka mtu hospitali.

Aliyemaliza 10 haendi kwenye mkeka bapa moja kwa moja, unamwekea mteremko kwanza, yaani upande mmoja wa mkeka unaupandisha kwa kuweka mkeka mwingine uliokunjwa chini yake (uhakikishe hautelezi), ili aanze juu na mteremko wenyewe ufanye ile kazi uliyotaka kuifanya kwa mikono yako. Anachuchumaa, viganja upana wa mabega, vidole vinatazama mbele, anainua nyonga mpaka ziwe juu ya kichwa, anaangalia kitovu chake. Ukimwambia "ingiza kidevu" wengine hawakuelewi, ukimwambia "tafuta kitovu" kidevu kinaingia chenyewe.

Wewe unapiga goti pembeni yake, sio nyuma. Mkono mmoja kisogoni unakielekeza kichwa ndani, mkono wa pili chini ya paja karibu na nyonga, na huo wa pili kazi yake ni KUINUA, unampunguzia shingo uzito. Nyuma ya mtoto hakuna kazi ya mwalimu, nyuma unaweza kusukuma tu. Nilivyosimama mimi siku ile ni nyuma.

Na ndo maana hiyo mistari minne haifai, ndugu yangu. Una mikono miwili, utapiga goti kwenye mkeka mmoja, ile mitatu itakuwa na watoto wanabiringika peke yao. Fanya hivi: mkeka mmoja wa kubiringika uko na wewe, mmoja wa kubembea na kitambaa, mmoja wa kujiviringisha kama gogo (amelala, mikono juu ya kichwa, mwili umenyooka), wa nne wa kutembea kwa mikono na miguu kama dubu ili mikono izoee kubeba. Hakuna anayesubiri zamu akitazamwa na watoto 9 wanaopiga makofi, maana yale makofi nayo yanasukuma.

Jumatano ya kubiringika nyuma ifute. Sio kuahirisha, ifute kwa muhula huu. Kule nyuma mwili mzima unapita juu ya shingo na kinachoiokoa ni viganja vilivyowekwa pembeni ya masikio vikisukuma mkeka kwa nguvu, na wengi wa umri huo hawana hiyo nguvu, wengine hata mikono haijarefuka ya kutosha kupita kichwa vizuri. Ukitaka kitu cha nyuma wafundishe kupita kwa bega moja, kichwa kimeinamishwa upande wa pili.

Kama darasani una mtoto mwenye sindromu ya Down usimbiringishe kabisa mpaka wazazi wamepata neno la daktari. Baadhi yao pingili mbili za juu kabisa za shingo zimelegea na kwa macho huwezi kujua.

Najua atatokea mtu aseme mabingwa wanajitupa hawana kitambaa wala nini. Elena Mukhina alikuwa bingwa wa dunia wa jimnastiki mwaka 1978. Mwaka uliofuata akavunjika mguu, akaharakishwa kurudi mazoezini, na Julai 1980, wiki chache kabla ya Olimpiki ya Moscow, akiwa mazoezini Minsk alifanya mruko mmoja ambao mwisho wake hutui kwa miguu, unaingia moja kwa moja kwenye kubiringika. Akatua kwa kidevu. Alipooza mikono na miguu, akaishi hivyo mpaka alipofariki 2006. Miruko ya namna ile ilikuja kuondolewa kwenye mashindano. Huyo ni bingwa wa dunia, mwenye mwili uliofunzwa tangu utotoni, sasa wewe una mtoto ambaye jana ndo kauona mkeka.

Mambo ya maksi wengine watakujibu, mimi kwangu wiki mbili za kwanza nahesabu vitambaa tu. Jumatatu peleka hivyo 40, wabembee somo zima, halafu njoo uniambie ni wangapi walifika 10.