Mawe ya Mazeras na Mawe ya Matumbawe, Undugu Wao Uko Wapi?

SWALI: Assalam aleikum mwalimu. Mimi niko Kisauni, najenga pole pole. Ukuta tumesimamisha kwa mawe ya matumbawe, sasa fundi anataka barazani tutandaze mawe ya Mazeras. Mwanangu wa sekondari akasikia akadakia eti yote mawili ni miamba mashapo. Mimi nikatazama, moja limejaa vishimo na vipande vya makombe, lingine ni bapa lina mistari ya rangi ya kutu, nikaona huyu ananichezea. Ni kweli? Na mtu anayajuaje bila kwenda maabara?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Mtoto yuko sawa, mnunulie soda. Mashapo ni chochote kile kilichotua chini, iwe mchanga, tope, kokoto au makombe, kikaja kulaliwa na vingine juu yake kwa maelfu na mamilioni ya miaka, uzito ukakikamua maji, halafu madini yaliyoyeyuka kwenye maji yanayopenya katikati ya chembe, kama chokaa au silika (madini yale yale ya mchanga na kioo) au kutu ya chuma, yakaganda na kuzigandisha pamoja. Ivo tu ndio jiwe linatokea, bila moto wa volkeno.

Sasa hao wako wawili wanatofautiana kwa kile kilichotua. Jiwe la Mazeras ni mchanga, ulitoka kwenye milima ya bara iliyoliwa na mvua ukabebwa na mito, kama miaka milioni 200 iliyopita, enzi za dinosauri, na hii Bahari ya Hindi tunayoogelea ilikuwa haijafunguka. Ndio maana humo usitafute makombe, watu wameokota magogo ya miti yaliyogeuka mawe. Ile mistari ni tabaka za mchanga na rangi yake ni chuma, na fundi wa kule machimboni anaijua vizuri kuliko mimi, anaweka patasi pale pale kwenye mstari, anagonga mara mbili tatu, jiwe linafunguka bapa. Akiliweka kinyume na tabaka linavunjika vipande vipande na hasara ni yake.

Haya ya mchanga na jamaa zake yanapewa majina kwa ukubwa wa chembe. Ikizidi milimita 2 ni kokoto, na hapo wanatazama kama zimeviringika, inaitwa konglomerati, au zina ncha kali, inaitwa brecha. Chini ya milimita 2 ni mchanga, chini ya kama 0.06 ni tope laini, chini ya 0.004 ni udongo wa mfinyanzi. Na wanajiolojia, usicheke, wanatafuna kipande kidogo, kikikwaruza meno ni tope, kikiteleza ni mfinyanzi.

Matumbawe ni kundi lingine, hayakubebwa na mto, yalijengwa na viumbe hai hapo hapo baharini. Haya ya Mombasa mengi ni mwamba ulioota miaka kama 125,000 iliyopita wakati bahari ilikuwa juu kuliko saa hizi, maji yakashuka ukabaki nchi kavu. Fort Jesus imekalia mwamba huo huo tangu 1593, na pale Bamburi ulichimbwa miaka na miaka kutengeneza simiti. Kundi la tatu ni yale yanayoganda maji yakikaukia juani, mfano magadi ya Ziwa Magadi.

Kujua, chukua msumari ukwaruze upate unga kidogo, tia siki au ndimu. Tumbawe litatoa povu papo hapo manake ni chokaa. La Mazeras kwa kawaida linanyamaza, likitoa povu kidogo basi gundi yake ina chokaa ndani. Na kwa sababu hiyo hiyo mama, ile asidi ya kusafishia choo isiguse ukuta wako, itautafuna.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, nasafiri sana Mombasa kwenda Voi kwa basi. Njiani kuna mawe mashapo ya kuona?

JIBU: Kaa dirishani! Mombasa kisiwani ni matumbawe, yenye umri mdogo kabisa. Ukifika Jomvu na Miritini, angalia palipokatwa barabara, utaona mwamba wa kijivu unaomeguka kama karatasi, huo ni tope la bahari. Halafu Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Taru, na majina hayo hayo wanajiolojia wameyachukua kuita tabaka zenyewe, na kila ukienda bara unakanyaga la zamani zaidi. Taru ndio babu yao, anakaribia miaka milioni 300. Ukishaipita Taru mashapo yanakwisha, mpaka Voi ni miamba geu iliyopikwa na joto chini ya ardhi zamani zaidi ya hapo, hapo unaweza kulala.