Jibu: Babu wa Urambo, askari wa Mjerumani kisha Keya hadi Burma?

Mkuu, umeuliza kama babu yake baba yako, mtu wa Urambo, Tabora, aliweza kuwa askari wa Mjerumani, kisha akaingia Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na kupigana Burma (Myanmar ya leo) katika Vita ya Pili ya Dunia. Nusu ya kwanza inawezekana kabisa. Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916, na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, likazidi kusogea kusini huku likipoteza watu, wengine wametekwa, wengine wametoroka. Mwaka 1917 Waingereza waliiunda upya batalioni ya 6 ya Keya kwa kuchukua hao hao waliokuwa askari wa Mjerumani. Kubadili bwana hakukumsumbua mtu sana. Askari alifuata mshahara.

Burma ndipo ninapokwama. Kijana wa miaka 20 mwaka 1914 angekuwa na miaka 50 mwaka 1944, wakati Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopita bonde la Kabaw, mvua na matope mtindo mmoja, kuelekea Mto Chindwin. Mzee wa umri huo asingepelekwa. Nahisi mmechanganya baba na mwanawe, hasa kama wote mnawataja kwa jina la ukoo.

Ulizia nishani nyumbani. Medali za Waingereza za Vita ya Kwanza huwa zimechongwa jina na namba ya askari kwenye ukingo. Ya Burma ni nyota ya ncha sita. Kama kuna picha, angalia begani: kichwa cha kifaru ndiyo alama ya Divisheni ya 11.