Usiyaue Magugu Maji Yote kwa Siku Moja

Jumapili iliyopita dada mmoja wa Mukono, hapa Uganda, alinitumia picha ya bwawa lake la samaki, lile la nyuma ya nyumba. Maua ya zambarau yamesimama juu ya maji, kila ua lina doa la manjano kwenye petali ya juu, na chini yake majani ya kijani yanang'aa, vikonyo vimevimba kama vibofu. Akaandika: "Mwalimu, nilipewa na jirani, yamependeza kweli. Lakini sasa yanaziba maji. Nipulizie dawa gani?"

Dada yangu, usiku ule sikulala vizuri. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, tena kwa maneno hayohayo, na jibu nililopewa liliniponza.

Nilizaliwa Walukuba, Jinja, marehemu baba akifanya kazi kiwandani. Sasa naishi Njeru, ng'ambo ya pili ya Nile. Mwaka 2017 mimi na mpwa wangu tulichimba bwawa chini ya banda la kuku, mita 10 kwa 6, wiki tatu za jembe na toroli. Tuliweka vifaranga 400 vya ngege, yaani tilapia. Kona ya juu, pale maji yanapojipenyeza ardhini na kulowesha udongo, nikapanda magimbi na mafunjo. Nilitaka mahali pa kukaa jioni baada ya kusahihisha madaftari, nisikie vyura, nione samaki wakiruka. Na kwa muda nilipata hayo yote. Majirani walikuja kupiga picha.

Kosa nililinunua mwenyewe barabarani, kwa muuza maua. Mashina matano ya magugu maji kwenye ndoo. Aliniambia yanasafisha maji. Ni kweli mizizi yake, ile myeusi yenye manyoya kama unyoya wa kuku aliyelowa, inanyonya mbolea iliyoyeyuka majini. Asichoniambia ni kwamba inaponyonya ndipo mmea unapozaa. Kila shina hutoa kikonyo pembeni, mwisho wa kikonyo mtoto, mtoto naye hutoa wake. Kwa joto letu hili, penye chakula cha kutosha, yanaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Na mimi nilikuwa nayalisha! Kila mvua iliponyesha, kinyesi cha kuku kiliteremka moja kwa moja bwawani.

Miezi ikapita. Siku moja nilirusha pumba na pumba ikabaki juu ya majani. Hapakuwa na maji ya kuipokea.

Nikaenda duka la pembejeo. Mwenye duka akanipa dawa ya kuua magugu na pampu ya kubeba mgongoni, akasema samaki hawaguswi. Nilimwamini kwa sababu alisema bila kusita. Nilipulizia bwawa zima asubuhi moja, kuanzia ukingo mpaka ukingo. Siku ya nne majani yakawa manjano. Wiki ilipoisha yalikuwa yamelala, kahawia, yanateleza, na maji yananuka kama kabichi iliyosahauliwa sufuriani.

Saa kumi na mbili asubuhi mpwa wangu akanigongea dirisha. Ngege wote walikuwa juu. Midomo imetoka nje ya maji, inafunguka na kufungwa, inafunguka na kufungwa, mamia ya midomo, na sauti yake ni ndogo, kama mtu anayefyonza chai. Hawakukimbia nilipowakaribia. Nilimshika mmoja kwa mkono, akatulia kiganjani, mashavu yamepanuka wazi kabisa, mekundu ndani. Kufikia saa tatu wengi walikuwa wamegeuka tumbo juu. Tuliwahesabu kwenye ndoo: 231. Tukawafukia chini ya mpapai.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Mmea mwingi ukifa majini kwa pamoja, unaoza kwa pamoja, na kuoza kunakula hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Usiku mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu hata mimea iliyo hai haitoi hewa hiyo gizani, inaitumia. Kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ya hatari. Ukiona samaki wako wanatweta juu ya maji alfajiri, usingoje mchana. Ingiza maji mapya, ondoa kinachooza.

Nilirudi dukani kumweleza yule bwana. Alinijibu mbele ya wateja kwamba wanawake hatujui kufuga samaki, tunawashibisha kupita kiasi. Ni miaka sasa, na bado nikipita mbele ya duka lile moyo unapiga kasi. Nasema hili kwa uchungu na sijutii kulisema: mtu akikuuzia dawa ya kumwaga majini, muulize mmea uliokufa utakwenda wapi. Akikosa jibu, ondoka.

Sasa nafanyaje? Naondoa kwa mkono. Kila Jumamosi, buti za mvua, reki ya meno marefu, wavu wa zamani wa kuvulia. Mara ya kwanza ondoa kama theluthi moja tu, wiki inayofuata tena, mpaka angalau nusu ya maji ione jua. Vuta shina zima pamoja na mizizi, usikatekate, maana kipande chenye kichipukizi kikibaki kitaanza upya. Yasiyoingia kwenye reki, vile vijani vidogo kama dengu vinavyoelea, napitisha wavu wa chandarua. Kidogo kidogo, kila wiki. Mkulima anayekwambia amemaliza magugu maji mara moja tu hajakaa nayo mwaka. Mbegu zake hulala kwenye tope zaidi ya miaka 15.

Halafu uache kuyalisha. Nilihamisha banda la kuku, nikachimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua. Hilo peke yake limefanya kazi kuliko reki. Maji ya kufulia pia yasiingie.

Mafunjo nayo usiyaachie huru. Ni mazuri, lakini mzizi wake unatambaa chini ya tope na yanapanda kuzidi kimo cha mtu mara mbili. Yangu sasa yako ndani ya matairi ya lori niliyoyaziba chini kwa saruji. Yale matete yenye vichwa vya kahawia kama soseji nayakata chini ya usawa wa maji. Kisiki kikifunikwa na maji, mzizi hukosa hewa na kuoza. Nazungumzia bwawa la uani. Kinamasi cha asili ni kitu kingine, hicho kina sheria zake, usikiguse kabla ya kuwauliza watu wa mazingira wa wilaya.

Kuna jambo jingine sijawahi kuliandika. Yale magugu yaliyooza mwaka ule niliyavuta na kuyatupa mtaroni, na mtaro wetu unaishia Nile. Tarehe 14 Aprili 2020 tulikuwa ndani kwa sababu ya korona, umeme ukakatika nchi nzima. Kisiwa kinachoelea, mimea na udongo, kilikuwa kimesukumwa mpaka kituo cha umeme cha Nalubaale, hapa kwetu, kikaziba mitambo. Nilikaa gizani nikifikiria mtaro wangu. Kisiwa kile hakikutoka kwangu, najua. Lakini mimi ni mtoto wa Jinja. Nilishuhudia miaka ya 1990 jinsi magugu haya kutoka Amerika ya Kusini yalivyofunika Ziwa Victoria, wavuvi wakishindwa kutoa mitumbwi, na meli zikihangaika kufika bandari ya Port Bell. Ilibidi waletwe fukusi wa kuyala, wakaachiliwa ziwani mwaka 1995, na miaka kadhaa ikapita kabla hatujaona maji tena. Sasa mtu mzima kama mimi, niliyeona yote hayo, niliyarudisha mtoni kwa toroli. Ndugu zangu, hatuwezi kulilia ziwa huku tukilitupia. Ukiyang'oa, yaanike mbali na mteremko mpaka yakauke, ndipo uyachanganye na samadi. Ni mbolea nzuri sana kwa migomba.

Mwezi uliopita nilivua ngege wa kwanza wa uzao mpya, wakubwa kuliko kiganja changu. Nilikaanga sita, nikampelekea mpwa wangu watatu.

Dada wa Mukono, dawa usinunue. Jumamosi hii anza na yale yenye maua. Ua likishanyauka, shingo yake hujipinda na kuingiza kichwa majini, hapo ndipo mbegu zinapomwagika. Kwenye picha yako nimehesabu shingo nne ambazo zimeshaanza kuinama.