Theluji ya Juni: kwa vijana wa Tanga mnaokwenda kubeba mizigo Kilimanjaro

Masika yakishakatika, vijana wetu huanza kupanda mabasi ya Moshi. Wengine wanatoka Ngamiani, wengine Muheza na Pangani, na wengi wameitwa na shemeji au rafiki aliyetangulia kwenye kazi ya mlima. Wanaambiwa kiangazi kimeingia, wageni wanafurika, kazi ipo. Yote ni kweli. Lisilosemwa ni kwamba mvua iliyonyesha Moshi tangu Machi hadi Mei, kule juu kabisa haikuwa mvua. Ilianguka ikiwa theluji, na Juni mnapofika, mara nyingi sehemu yake huwa bado imelala palepale. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai akiongozwa na Mswahili wa pwani, Bwana Kheri, aliiona theluji ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, masika yakiwa bado hayajaisha, na wasomi wa Ulaya wakambishia.

Mtawasikia pia watu wakisema theluji ya Kilimanjaro imekwisha. Wanachanganya vitu viwili. Barafu ya kudumu, ile ya maelfu ya miaka, kweli inakwisha: kati ya 1912 na 2007 ilipungua kwa takribani asilimia 85, na mtu aliyeizoea anaumia kuitazama. Lakini theluji ya msimu bado inakuja, na hiyo ndiyo itakayokuwa chini ya buti zenu.

Nimeifanya kazi hii nikiwa mpagazi, kisha msaidizi wa kiongozi, kisha kiongozi. Katika yote niliyojifunza, hili ndilo ninalotaka mlichukue kwanza: theluji ya mwisho wa msimu husomwa kwa saa. Mvuvi wa Sahare haulizi kama bahari ni nzuri au mbaya, anauliza maji yanakupwa saa ngapi na yanajaa saa ngapi. Theluji ya Juni nayo ni hivyo hivyo. Mahali palepale, siku ileile, ni vitu vitatu tofauti.

Usiku wa mbingu wazi, joto la theluji linapotea angani na maji yaliyoyeyuka mchana yanaganda upya. Saa sita usiku, msafara unapoondoka kambi ya mwisho, Barafu au Kibo Hut, kuelekea kileleni, uso wa theluji ni mgumu, hauzamishi mguu, lakini unateleza. Jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Kuanzia hapo tabaka la juu linaanza kulegea kidogo kidogo, na ukikanyaga kwa kisigino linakubali. Huo ndio wakati mzuri wa kushuka, na haudumu. Kadiri mchana unavyoingia, maji yanapenya chini, theluji inakuwa nzito na mbovu, mguu unazama hadi goti na hapo chini kuna jiwe usiloliona. Nimeona vifundo vya mguu vikiteguka saa tano ya mchana mahali ambapo alfajiri watu wamepita bila shida yoyote.

Wanaoteleza kwa mbao za theluji (ski) wanaijua saa hii kuliko sisi. Riksgränsen, kaskazini kabisa mwa Sweden, watu huteleza hadi Mei na mara nyingine hadi Juni, wakati jua la kule halizami hata usiku. Kanuni yao ni kusubiri jua lilegeze tabaka la juu, wateleze, kisha waache kabla halijawa uji. Usiku ukiwa na mawingu, theluji haikushika, basi asubuhi hawagusi miteremko mikali. Kanuni hiyo inafaa Kibo. Na msidhani mbao hizo hazijawahi kufika kwetu: mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walizipandisha hadi Kibo na kuzitumia kushukia. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911 tu.

Kwa hiyo kabla ya kulala, toka nje ya hema utazame juu. Nyota zikionekana zote, utapanda kwenye theluji ngumu: hatua fupi, piga ncha ya buti ndani, fuata nyayo za aliyetangulia, usichepuke kutafuta njia yako. Mbingu ikiwa imefunga, mwambie kiongozi ulichokiona. Kushuka ni kinyume chake: kisigino kwanza, magoti yalegee, uzito uwe juu ya miguu. Mtu wa pwani akiogopa huegemea nyuma, na kuegemea nyuma ndiko kunakomwangusha.

Kuna jambo ambalo hata waliokaa mlimani muda mrefu hawalizingatii. Mwezi Juni jua liko kaskazini mwetu. Upande wa kaskazini, kwenye njia ya Rongai, unalipata vizuri, na theluji yake inaondoka mapema. Upande wa kusini, ambako njia za Machame na Lemosho zinapita chini ya Kibo kuelekea kambi ya Barafu, unapata jua la mshazari, na theluji inakaa muda mrefu zaidi. Njia ya Marangu inapandia mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linaipiga uso kwa uso, na theluji ya kwenda Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, hulegea mapema. Magharibi ni kivuli hadi jua lipande, kisha mawe yaliyoshikwa na barafu usiku yanaachiliwa. Januari 2006 mawe yaliporomoka Western Breach, njia ya kupandia Kibo upande huo wa magharibi, na kuua wageni watatu kutoka Marekani. Kama msafara wako unapita huko, kiongozi anayetaka mvuke mapema, kabla ya jua, hawaonei.

Mzigo. Mmezoea kubeba kichwani, na kwenye njia kavu ni sawa. Kwenye theluji ngumu shusha mzigo mgongoni, kwa sababu utahitaji mikono yote miwili na shingo iliyo huru. Mizigo ya msafara isizidi kilo 20 kwa mtu, vitu vyako binafsi mbali. Inapimwa getini na inatakiwa kupimwa tena njiani. Ukiona kuna ujanja kwenye mizani, sema palepale getini. Kambini watu hawatakusikiliza.

Macho ndiyo yanayonitia uchungu zaidi, maana ni madhara yanayozuilika kwa miwani. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mionzi mikali ya jua inayoipiga, na kila unapopanda mita 1,000 mionzi inaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Mpagazi anashinda bila miwani, hasikii kitu, anakula, analala. Usiku macho yanaanza kuwaka, yanatoa machozi, hayavumilii hata mwanga wa tochi. Saa kadhaa zimepita tangu yaungue, ndiyo maana wengi wanadhani ni moshi wa jiko. Nunua miwani ya giza inayozuia mionzi na kufunika pembeni kabla ya kununua kitu kingine chochote. Wingu jepesi lisikudanganye uivue. Paka mafuta ya kuzuia jua chini ya kidevu na chini ya pua pia, kwa sababu jua la theluji linatoka chini.

Maji yana kazi yake. Kambi ya Barafu haina maji, yanabebwa kutoka Karanga huko chini, na asubuhi vijito vinakuwa vimeganda. Ukitumwa kuyeyusha theluji, chukua nyeupe safi mbali na vyoo na njia, tia maji kidogo chini ya sufuria kwanza, na ujue itakula gesi nyingi. Usile theluji kwa kiu. Inakupoza tumbo na haikati kiu.

Halafu hewa. Ukiwa kileleni Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa takribani nusu ya oksijeni unayoipata Raskazone, Tanga. Wewe umelala juzi usawa wa bahari. Misuli haihusiki hapa, na ujana hauhusiki. Kwa safari ya kwanza tafuta msafara wa siku nyingi, Lemosho ya siku saba au nane, usianze na Marangu ya siku tano. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida, lakini mwambie mwenzako. Kichwa kuuma pamoja na kutapika, kuyumba unapotembea, kuongea maneno yasiyoeleweka, au kukosa pumzi hali umekaa: hapo unashuka, usiku huohuo, na mtu wa kukusindikiza. Panadol inatuliza kichwa, haiongezi hewa. Wapagazi wengi wananyamaza kwa kuogopa kukosa kazi inayofuata, na nawaomba sana, wadogo zangu, msinyamaze.

Nguo tafuta Moshi. Tanga hutapata buti za kufaa, na koti la pamba linalolowa ni hatari kuliko kutokuwa nalo. Soko la Memorial lina mitumba ya milimani: koti lisilopitisha upepo, sweta la sufu, glovu mbili (moja nyembamba ndani, moja nene nje), soksi za kubadilisha. Kabla ya alfajiri baridi kileleni inaweza kufika nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, na upepo haumo katika hesabu hiyo. Kama fedha hazitoshi, pale Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, unaoazimisha nguo za mlimani bila malipo. Usione haya kwenda.

Kabla ya kukubali msafara, muulize kiongozi wako maswali mawili: theluji inaanzia wapi kwa sasa kwenye njia tunayopita, na tunatarajia kuwa tumerudi kambini saa ngapi. Aliyeshuka wiki hiyo atajibu bila kufikiri. Anayekuambia utaona huko huko, mshukuru kwa heshima na uende kwa mwingine. Juni misafara ni mingi.