Mtoto mchanga, uzi na kitabu: kwa mama anayeanza

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, siku 84 za likizo ya uzazi niliziona nyingi. Nilinunua uzi wa sweta tatu, nikaazima riwaya nne, nikijua mtoto mchanga kazi yake ni kulala. Likizo iliisha nimefuma mkono mmoja wa sweta. Sasa nina wa pili, ana miezi mitano, na safari hii ninafuma na ninasoma, ingawa saa za siku ni zilezile. Dada unayetarajia au uliyejifungua juzi, nakuandikia kile ambacho ningependa kuambiwa mapema.

Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwemo. Hapo mkono mmoja umemshika, mwingine uko huru. Mkono mmoja haufumi, lakini unafunua kurasa. Basi kunyonyesha ndiyo saa yangu ya kusoma. Ila wiki mbili tatu za mwanzo weka kitabu kando kabisa, mwangalie mdomo anavyoshika titi, kwa sababu nyote wawili mnajifunza. Baadaye chukua hadithi fupi, kitabu chembamba kisichochosha kiganja.

Kufuma kunataka mikono miwili, kwa hiyo kunasubiri mtoto alale au abebwe na mtu mwingine. Na hapa chagua kazi inayokubali kuachwa ghafla. Ukifuma kwa sindano mbili, vitanzi vyote vya mstari viko kwenye sindano. Mtoto akilia ukaitupa kazi, vinachomoka hata ishirini kwa mpigo. Krosheti, ile ya sindano moja yenye ndoana, ina kitanzi kimoja tu kinachoweza kufumuka. Kichomeke pini ya nepi, funga pini, nenda kwa mtoto. Mimi nimeacha sweta kwanza, nafuma vipande vidogo vya mraba vya blanketi, nitaviunga mwishoni. Siku ya chanjo ya wiki ya 14 foleni ya kliniki ilikuwa ndefu, mama mkwe akampakata mtoto, nikamaliza viwili kabla hatujaitwa kwenye mizani.

Sindano na mtoto visikae kitanda kimoja, hata kwa dakika moja. Na kila unachomfumia, kigeuze ndani nje ukikague. Jioni moja wangu alilia, nikampa titi akakataa, nikambeba akazidi. Nilipomvua soksi niliyoifuma kwa mikono yangu, nikakuta ncha ya uzi imejizungusha kwenye kidole gumba cha mguu, kidole kimevimba na kuwa chekundu. Niliukata kwa mkasi mdogo wa kucha huku mikono ikitetemeka. Tangu siku hiyo kila ncha naichomeka ndani ya mfumo mara kadhaa kabla ya kuikata, na soksi naivuta kwa kidole changu kwanza kabla hajaivaa.

Kuhusu msaada: uukubali. Sisi huku Marangu, Kilimanjaro, mzazi huletewa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na kwa mtoto wa kwanza, kila mama mkwe alipoingia nao nilikuwa nainuka kumtengea chai, kwa aibu. Mara hii nilimkabidhi mjukuu nikasema, "Mama, naomba nusu saa nifume." Akaniangalia macho, akasema, "Lala kwanza. Uzi hauozi." Nililala saa mbili. Usingizi utangulie, uzi na kitabu vifuate. Na kama wiki mbili zinapita huna hamu ya chochote, huzuni haikuachii hata ukilala, mwambie muuguzi wa kliniki. Usiibebe peke yako.

Mtoto mkubwa naye ana wivu wake. Wetu ana miaka mitano. Ninaponyonyesha jioni hujibanza ubavuni, nami huacha riwaya yangu nikamsomea kitabu chake kwa sauti, na mdogo husikiliza hukuhuku ananyonya. Baba yao ndiye anayemwogesha mkubwa na kumlaza, na ile robo saa ya maji kumwagika bafuni hunitosha nusu kipande.

Blanketi litakuwa na vipande 48. Tumefika 31. Kaka mtu ndiye anayehesabu, anavipanga sakafuni kila jioni kabla ya kulala, na kile cha njano amesema kikae katikati.