Jiko la kuni kurudisha moshi ndani mwezi wa tano

Mkuu jiko lako halijafa. Umesema Januari lilikuwa linavuta freshi na sasa hivi Mei ukiwasha tu sebule nzima moshi, hata sisi huku Maine, Marekani, ndo yale yale kila mwaka, usiku inashuka hadi nyuzi 3 unaamka unatetemeka halafu saa saba mchana uko na singlendi. Bomba la moshi linavuta kwa sababu ya tofauti ya joto la ndani na nje, sasa tofauti ikiwa ndogo mvuto unakuwa dhaifu, na ile hewa baridi iliyolala bombani inakurudishia moshi.

Mi nafungua dirisha kidogo, nachoma gazeti moja juu kabisa karibu na tundu la bomba lipate joto kwanza, ndo nawasha vijiti vyembamba vikavu, moto mdogo ila mkali, dakika 40 hivi basi nauacha ufe wenyewe. Usije ukajaza magogo halafu ukabana hewa eti uwake taratibu mpaka asubuhi, mwaka wa kwanza nilifanya huo ujinga bomba likajaa masizi yanayonata kama lami, na hayo ndo yanashikaga moto humo humo ndani. Msonobari uliokauka unafaa sana saa hizi, mwaloni tunza wa Desemba.

Na alamu ya kaboni monoksaidi usiitoe betri eti inapiga kelele, ile ni gesi ya sumu na haina harufu.